Mbwa Aitwaye Batasema

Mbwa wa nyumbani kwetu anaitwa Batasema. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza katika idara yetu anaweza kulichambua jina hilo kabla chai yake haijapoa: ba- ni nafsi ya tatu wingi, -ta- ni wakati ujao, -sema ni kitenzi. Kwa Kiswahili sanifu angeitwa Watasema. Sisi wa Boyoma tunasema ba- mahali pa wa-, kama wenzetu wanaosema Kilingala, na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo jina la mbwa wetu ni sentensi kamili. Linachoficha ni kimoja tu: akina nani watasema, na watasema nini.

Ninaandika haya kwa sababu mwaka jana, usiku wa tarehe 31 Oktoba, sentensi hiyo nusura itupotezee mtoto. Na mtu wa isimu nyumbani ni mimi.

Jina lilitolewa na Koko, mama mzaa mama yangu. Babu alipokufa, ndugu zake walikuja kupima lupango kwa hatua za miguu kabla matanga hayajaisha. Walisema mjane arudi kwao. Koko hakurudi. Basi barabarani yakaanza maneno mengine, kwamba mwanamke anayebaki na nyumba ndiye aliyemla mwenye nyumba. Koko hakumjibu mtu. Alikwenda sokoni, akarudi na mbwa mdogo ndani ya kikapu, na jioni ile ile akasimama mlangoni akamwita kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa avenyu: “Batasema! Batasema, kuya kula!” Tangu siku ile kila jioni, saa kumi na mbili, avenyu nzima husikia jibu la Koko. Nani atasimama amwambie, “Mama, unanisema mimi”? Anaita mbwa wake tu.

Nilipofika chuoni nilifurahi kukuta kwamba jambo hili limeandikwa. Mwaka 1993 mtafiti Wendy Schottman alichapisha makala juu ya majina ya mbwa ya Wabaatombu wa Benin. Kwao pia mtu mwenye kinyongo na jirani humpa mbwa jina la methali, akamwita wakati jirani anapita. Schottman anaona kwamba jina la namna hiyo ni njia ya tatu, kati ya kunyamaza na kugombana. Nilimsimulia Koko. Akauliza kama wale wa Benin nao wana shemeji. Nikasema bila shaka wanao. “Basi,” akasema, akaendelea kuchambua sombe.

Sasa mbwa mwenyewe. Ni mdogo, rangi ya udongo wa barabara, miguu na kifua vyeupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Habweki. Akifurahi hutoa sauti ndefu inayopanda na kushuka, kama mtu anayeanza wimbo kisha akasahau maneno. Kwa ulinzi hafai kitu, maana hakuna mtu asiyempenda. Mgeni akiingia, Batasema humpokea, humnusa magoti, hulala chali ili akunwe tumbo. Mwizi naye angepokewa hivyo hivyo.

Mbwa wa aina hii wanajulikana duniani kote kwa jina la basenji. Wazungu waliwachukua kutoka misitu yetu, na mwaka 1937 walipoonyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts, watu walijaa kutazama mbwa asiyebweka. Jina hilo unalifahamu hata kama hujamwona mbwa. Ni basenji wa Kilingala, ni washenzi wa Kiswahili: mbwa wa watu wa porini, wasiostaarabika. Hapo kuna historia ya mji wetu kwa ufupi. Tippu Tip alipofanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, watu wake walijiita waungwana, na waliowakuta hapa waliwaita washenzi. Kutokana na neno la kwanza lugha yetu ikaitwa Kingwana. Kutokana na la pili mbwa wetu akaitwa basenji. Kila nikimwona Batasema amelala miguuni pa Koko, na Koko anamgombeza kwa Kingwana, nafikiri: maneno haya mawili yaliyotengana vile, kwetu yanakaa kwenye mkeka mmoja.

Babu alikuwa mwindaji upande wa Bafwasende kabla ya kuhamia mjini. Kwa kuwa mbwa wa msitu habweki, mwindaji humfunga shingoni njuga ya mti ili ajue amefika wapi. Njuga ya Babu ilibaki ikining'inia ukutani chumbani kwa Koko: kipande cha mti kilichochongwa ndani, na ulimi wake wa mti. Sauti yake ni kavu, ko-ko-ko, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja.

Mtoto ninayemsema ni wa dada yangu mkubwa. Ana miaka kumi. Dada alifariki Kinshasa, na baba wa mtoto yuko mbali kwenye machimbo, kwa hiyo mwezi wa saba mtoto aliletwa kwetu kwa boti, kilomita zaidi ya 1,700 za mto, pamoja na mama mmoja mfanyabiashara aliyekubali kumwangalia njiani. Alishuka bandarini na mfuko mmoja, akiwa hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Alikuwa mtoto mkimya. Aliongea Kilingala na sisi, na mbwa aliongea naye zaidi kuliko alivyoongea na mtu yeyote. Usiku alikojoa kitandani, na asubuhi Koko alianika mkeka bila kusema neno.

Tarehe 1 Agosti tulimpeleka makaburini. Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa siku ya wazazi: asubuhi mji mzima unabeba majembe na mapanga kwenda kwa waliokufa, mchana unarudi kula na walio hai. Tulifyeka majani juu ya kaburi la Babu, tukapaka msalaba chokaa, Koko akamweleza Babu habari za nyumba, na akamtambulisha mtoto. Batasema alitufuata. Alizunguka makaburi ya watu, akawalamba mikono watu wasiotujua, akalala chini ya mwembe. Hakuna aliyemfukuza. Mzee mmoja alimrushia hata kipande cha kwanga. Naitaja siku hiyo kwa sababu baadaye nilijiuliza mara nyingi: mbwa yule yule, mtoto yule yule, wafu wale wale. Tofauti ilikuwa wapi?

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, shangazi yetu aliyeko Montréal alituma picha kwa simu. Ilikuwa Halloween. Mbwa wa jirani yake alivikwa manyoya ya simba, mwingine alivikwa mabawa ya nyuki, wa tatu alivikwa nguo nyeusi yenye mifupa myeupe, na watoto walikuwa wanapita naye nyumba kwa nyumba wakipewa bombo. Mtoto alizitazama picha hizo mpaka simu ikakaribia kuzima. Akaniuliza ni nini. Nilimweleza kwa Kilingala: jina lenyewe ni la Kiingereza cha zamani, maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, watu wa Ireland na Uskoti walihamia nalo Marekani, watoto huvaa sura za wafu, hugonga milango, huomba vitu vitamu. Nilieleza vizuri. Ni aina ya maelezo ninayopenda kutoa.

Koko aliuliza tunacheka nini. Nikamfasiria kwa Kiswahili, na katikati nikakwama. Kwa Kilingala nilisema watoto “wanacheza”, na mambo yakapita. Kwa Kiswahili, mbele ya Koko, kusema watoto wanacheza na wafu kulikataa kutoka mdomoni. Koko alisikiliza hadi mwisho, akasema: “Bafu iko na siku yabo. Ni tarehe moja ya mwezi wa munane, muchana, na jembe mukononi. Usiku habatafute mutu.” Kisha akaenda kwenye maombi ya mchana.

Mtoto aliomba tumvike Batasema. Nilikuwa na kazi ya fonolojia ya kukabidhi Jumatatu, na nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza tangu afike anaomba kitu. Nikasema sawa. Alikuwa amepata udongo mweupe, ule ambao kwa Kilingala unaitwa pembe, yaani weupe wenyewe. Nikauponda, nikauchanganya na maji. Mbavu nilizichora mimi. Nilizichora kwa uangalifu, upande huu na upande huu, na uti wa mgongo, na mduara kuzunguka kila jicho. Batasema alisimama kimya akitingisha mkia, akidhani ni kuogeshwa. Mtoto akatoka chumbani na njuga ya Babu. Ningeweza kusema hapana. Nikamfunga mwenyewe, nikarudi kwenye daftari langu. Nilisema tu: “Musiende mbali.”

Saa kumi na mbili na nusu giza lilikuwa limeingia, na umeme haukuwepo. Watoto walikuwa watatu, wetu na wawili wa jirani. Yaliyotokea nayajua kwa kuyakusanya kutoka kwa watu wengi, kama tunavyokusanya data, na kama ilivyo kwa data, hayalingani yote.

Kwenye kona ya avenyu yetu kuna mama anayeuza mikate ya mafuta. Anakaa na sufuria yake na taa moja ndogo. Alisikia kwanza ko-ko-ko gizani, bila mbweko wowote. Kisha akaona mbavu nyeupe zinakuja zenyewe, maana mwili wa mbwa haukuonekana. Batasema anampenda sana mama huyo, kwa sababu humpa vipande vilivyoungua. Alipomwona alikatika kamba akamrukia kwa furaha, akatoa ile sauti yake ndefu. Mama alianguka. Sufuria ikapinduka, mafuta yakamwagika mchangani, nashukuru Mungu si juu ya mtu. Wale watoto wawili walikimbia. Mtoto wetu hakukimbia, kwa sababu mbwa alikuwa wake wa kuangalia. Alisimama katikati ya barabara na kipande cha kamba mkononi, akiita kwa nguvu zake zote: “Batasema! Batasema! Batasema!”

Wewe jirani, umetoka nje kwa kelele. Unaona mama wa watu yuko chini, kitu cheupe kinamzunguka, na mtoto mgeni, yatima, asiyesalimia mtu, amesimama peke yake anatangaza kwamba watasema. Ungefikiri nini? Sitaki kuwafanya jirani zangu wajinga katika makala haya. Waliisoma sentensi jinsi ilivyo.

Neno la kwanza lililosemwa lilikuwa ndoki. Nilikuwa nimefika mlangoni nikalisikia. Katika mji wetu tuna maneno ya kutosha kwa jambo hilo: mulozi, ndoki, mchawi. Mawili ya kwanza ni ndugu. Yote yanatoka kwenye kitenzi kimoja cha zamani cha Kibantu, ambacho kwa Kiswahili kimebaki kama -loga au -roga, na kwa Kikongo -loka. Niliwahi kuandika ukurasa mzima juu ya mzizi huo na nikapata alama nzuri. Usiku ule nilijifunza jambo ambalo ukurasa wangu haukuwa nalo. Neno hilo likishatoka, haliwi tena maelezo ya mtu. Linakuwa kazi inayotaka kumalizwa. Mtu wa pili akalisema, wa tatu akalisema, na kila aliyelisema alisogea hatua moja mbele.

Tulimwingiza mtoto ndani, na mbwa. Baada ya muda kulikuwa na watu kama ishirini kwenye lango letu na taa za simu. Kati yao alikuwepo mwanamume mmoja mwenye chumba cha maombi si mbali na kwetu. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole: “Mutoto huyu iko na kitu. Mutupatie siku tatu tu. Bila kula, bila kunywa, tutamwombea. Kitatoka.” Watu waliitikia. Kwao huo ulikuwa msaada.

Nilijitokeza mimi. Nilikuwa nimejiandaa maisha yangu yote kwa ajili ya kusema mbele ya watu. Nilisema, kwa Kifaransa, kwamba kifungu cha 41 cha katiba ya 2006 kinakataza kumsingizia mtoto uchawi, na kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu. Yote yalikuwa kweli. Kijana mmoja nyuma akasema, “Kifaransa haishikake ndoki,” na watu wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa kizuri. Nikabadili, nikasema kwa Kiswahili cha darasani. Nikasikia mwenyewe jinsi ninavyosikika, kama redio. Kadiri nilivyosema vizuri ndivyo nilivyozidi kuwa mbali.

Koko alirudi kutoka maombi wakati huo. Watu walimpisha. Alimtazama mwenye chumba cha maombi, akamtazama mama wa mikate aliyeletwa na bado anatetemeka, akanitazama mimi na udongo mweupe kwenye vidole vyangu. Alielewa bila kuuliza. Hakutaja sheria, wala Mungu. Alisema: “Leo ni usiku. Usiku mutu haone sura ya mwenzake. Kesho asubuhi nitakuya kwenu, nyumba moja moja, na mutoto na mbwa. Mutatuangalia. Nani iko na neno, atasema kesho.” Kisha akamwambia mama wa mikate peke yake, kwa sauti ndogo: “Mama, pole. Deni yako ni yangu.”

Hawakuondoka mara moja. Mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba hata bibi mwenyewe walimjua tangu zamani. Koko alisikia. Akajibu: “Ndiyo. Mulisema.” Nilikuwa nimesimama karibu naye, na niliona mkono wake umeshika nguzo ya lango kwa nguvu. Mulisema: wakati uliopita. Ndiyo maana alimwelewa yule mtoto kuliko sisi wote. Alikuwa amewahi kusimama mahali pale pale, bila mtu wa kumsemea, na kilichomwokoa hapo zamani ni ukaidi na mbwa.

Usiku ule hakuna aliyelala. Mtoto alikaa kitandani kwangu amemkumbatia Batasema, na udongo mweupe ukaingia kwenye shuka. Karibu na alfajiri aliniuliza kwa Kilingala kwa nini watu walikasirika zaidi kila alipomwita mbwa. Nikamwambia, kwa sababu ya jina. Akauliza jina lina nini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hajui. Kwa miezi mitatu alikuwa amemwita mbwa kwa sentensi asiyoielewa. Kwake Batasema ilikuwa sauti tu, kama Milou au Bobi. Nikamfasiria: “Bakoloba.” Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: “Nani?”

Darasani tunafundishwa kwamba jina halina maana, lina mrejeleo. Ni kweli kwa mtoto. Kwa jirani zetu jina lilikuwa na maana kwanza. Mimi nilizijua pande zote mbili, na Kilingala, na Kiswahili, na makala ya 1993, na sikufikiri hata mara moja kumweleza mtoto anachokisema kila siku.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 1 Novemba, Koko alimwosha Batasema uani. Alimwosha mara mbili. Akamvalisha mtoto shati la shule. Akachukua njuga mkononi, si shingoni mwa mbwa. Akamfundisha mtoto maneno, na akataka ayaseme kwa Kiswahili. Nilitaka kumsaidia matamshi, Koko akaninyamazisha kwa jicho. Alitaka yatoke kama ya mtoto anayejifunza.

Tukaenda nyumba moja moja. Tulianza kwa mama wa mikate. Koko alipeleka unga, chupa ya mafuta na sukari, zaidi ya vilivyomwagika. Mtoto akasimama mbele, akasema: “Mama, mimi mujukuu wa Koko. Huyu ni mbwa yetu. Jana nilicheza mubaya. Unisamehe.” Alikosea mahali pawili. Mama hakujibu. Alimtazama mbwa, ambaye tayari alikuwa amelala chali. Koko akamwonyesha njuga, akaigonga, ko-ko-ko, akaeleza ilikuwa ya nani na ya kazi gani. Kisha akamwomba jambo moja: “Mwite kwa jina.” Mama alisita. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini: “Batasema.” Mbwa akainuka akamwendea. Mama akampa mkono anuse, akasema, akimwangalia mtoto na si mbwa: “Mwana huyu amekonda. Munamulisha?” Koko alicheka, na mimi niligeuka upande mwingine kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji.

Hivyo ndivyo tulivyofanya katika nyumba ishirini na tatu. Mtoto aligonga, alisema maneno yake, mwenye nyumba alimwita mbwa. Kufika nyumba ya kumi maneno yake yalikuwa yamenyooka. Mahali fulani mzee mmoja aliitambua njuga, akasema baba yake alikuwa nayo kama hiyo, na kwamba waliiziba ulimi kwa majani hadi wafike kwenye mawindo. Alitushikilia nusu saa. Nyumba mbili walimpa mtoto ndizi, moja walimpa bombo. Nilimwambia Koko, kwa kunong'ona, kwamba hivi tunavyopita mlango kwa mlango na mbwa ndiyo Halloween yenyewe. Akasema kama ni hivyo basi wale wa Montréal wamekosea saa.

Sitaki kudanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Nyumba moja hawakufungua, na tuliwasikia ndani. Mwenye chumba cha maombi alitupokea, akatuombea sote pamoja na mbwa, na akasema bado anamwona mtoto ana kitu. Kwa wiki nne nilimpeleka mtoto shuleni kwa baisikeli ya toleka na kumfuata mchana, kwa sababu Koko hakutaka atembee peke yake. Mama mmoja hadi leo humvuta mwanawe kando tukipita. Neno lililosemwa halirudi mdomoni. Linaweza tu kufunikwa na maneno mengine, mengi, ya kila siku: habari ya asubuhi, mumelala, munamulisha?

John Austin alionyesha, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1962, kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Mifano yake ni ya kufunga ndoa, ya kutoa jina kwa meli, ya kuweka dau. Nimesoma kitabu hicho kwa mtihani. Mfano wangu ni neno moja lililosemwa gizani na watu ishirini, na maneno machache yaliyosemwa na mtoto mchana, na makosa mawili ya sarufi. Katika mifano yote miwili niliyoishuhudia, usahihi haukuwa na kazi. Niliyekuwa sahihi usiku ule ni mimi, na sikumwokoa mtu.

Hiyo haina maana kwamba sheria ni bure. Kuna watoto wengi ambao hawana Koko, na kwao kifungu cha 41 ndicho kitu pekee kilichosimama mlangoni. Lakini nafikiri kinahitaji kusemwa kwa Kingwana, mchana, na mtu anayewajua walio mbele yake kwa majina. Kazi ya mtihani wangu wa mwisho nimeibadilisha. Sitaandika tena juu ya majina ya mbwa. Ninafasiri sheria ya 2009 kwa Kiswahili cha Kisangani, na nikimaliza kifungu humsomea Koko. Akisema “hapa sisikie kitu,” ninaanza upya. Tuko kwenye kifungu cha tano kwa mara ya tatu.

Mtoto sasa anasema Kiswahili. Jioni, saa kumi na mbili, ni yeye anayesimama mlangoni kumwita mbwa. Koko alimwambia kama anataka anaweza kumpa mbwa jina lingine, jepesi. Alifikiri siku mbili, akakataa. Alisema mbwa ameshazoea. Anaita mara moja tu, si kwa kelele, na kutoka kona ya avenyu mama wa mikate hujibu: “Iko huku, anakula!”